Mvua Isiyokuja na Mvua Iliyokuja

Nasra aliinama mtoni akiosha karoti. Kesho yake ilikuwa siku ya gulio la Mlalo. Maji yalikuwa ya baridi kali, kama kawaida ya mwezi wa tisa. Wanawake wengine wanne wa kijiji cha Kwemkuyu walikuwa pamoja naye, kila mmoja na gunia lake. Walizisugua karoti kwa miguu mpaka zikang'aa.

"Mama Zaina," mmoja wao alimwita Nasra. "Redio imesema nini leo? Tuanike nguo au tusianike?"

Wote walicheka. Nasra naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni.

Utani huo ulikuwa na mwaka mmoja. Mwaka uliopita Nasra alisikia redioni kwamba huenda mvua za vuli zikawa kubwa. Akapita nyumba kwa nyumba. "Mvua kubwa inakuja!" aliwaambia watu. "Ng'oeni viazi kabla havijaoza! Wallahi inakuja!" Yeye na mumewe, Abubakari, waling'oa shamba lao lote la bondeni. Majirani wanne wakawaiga. Viazi vilikuwa vidogo kama mayai ya kwale. Kisha yakaja manyunyu tu. Watu walioacha viazi vyao ardhini walivuna lumbesa kwa lumbesa, magunia yaliyojaa kupita kinywa. Tangu siku hiyo Nasra akapewa jina la Redio.

Abubakari hakumlaumu mkewe mbele za watu. Hata faraghani hakusema mengi. Lakini habari za hali ya hewa zilipoanza redioni, yeye alinyoosha mkono na kuhamisha stesheni. Nasra aliuona mkono ule kila jioni. Ulimuuma kuliko matusi.

Nyumba yao ilikuwa juu, kwenye mgongo wa kilima. Chini yao, mwisho wa mteremko mkali, ilikuwa nyumba ya mama yake Abubakari, Bibi Hawa. Bibi alikuwa na miaka zaidi ya sabini. Alipika mwenyewe, aliteka maji mwenyewe, na hakutaka kuambiwa kwamba amezeeka. Zamani mteremko ule ulikuwa na miti. Miaka sita iliyopita Abubakari aliikata yote akapanda viazi. Ardhi ilikuwa mpya na viazi vilistawi. Hakuna aliyemwambia kwamba amekosea.

*

Mwisho wa mwezi, utabiri wa vuli ulitangazwa tena. Ulisema kuna uwezekano mkubwa wa mvua kuwa juu ya wastani katika milima ya kaskazini mashariki. Siku mbili baadaye, sauti ya mtu asiyejulikana ikasambaa kwenye simu za watu. "Ndugu zangu, Ijumaa ijayo milima ya Usambara itaporomoka! Wataalamu wamethibitisha! Hameni! Mtumie kila unayempenda."

Kijiji kikachafuka. Watu wawili walifunga mizigo. Mama mmoja aliwatoa watoto shuleni. Mwenyekiti akaitisha mkutano mbele ya ofisi ya kijiji.

Alen alikuwa wa kwanza kusimama. Alikuwa mnunuzi wa mboga, kijana wa miaka thelathini na mitano, mwenye sauti kubwa na simu nzuri.

"Haya mambo ya tabianchi ni biashara," alisema. "Watu wanatafuta miradi. Mafuriko yalikuwepo tangu enzi za babu zetu. Nao walitabiriwa na nani? Mwaka jana tuliambiwa mvua kubwa. Iko wapi? Muulizeni Mama Zaina!"

Watu wakacheka. Nasra alitazama chini.

Mzee mmoja akasimama. "Mimi nasema tuhame. Sauti ile ilisema wataalamu wamethibitisha."

"Wataalamu gani? Wana majina?" mwingine akauliza.

"Mvua ni ya Mungu," Bibi Hawa alisema kutoka kwenye mkeka wa wanawake. "Ataileta akitaka. Mimi sihami kwa sababu ya simu."

Abubakari naye akasema. Watu walimheshimu, kwa kuwa alijua kusoma dalili. "Siafu hawajahama bondeni," alisema. "Mwezi haujavaa pete. Mimi sioni mvua kubwa."

Mabishano yakawaka. Wengine walimwita Alen mjuaji. Alen aliwaita waoga. Mwisho mwenyekiti akamgeukia mtu mmoja aliyesimama nyuma kabisa, kofia mkononi. Huyu alikuwa Elisante, anayeitwa Baba Neema. Alifanya kazi kwenye kitalu cha miche ya miti, ng'ambo ya kijiji. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akipima mvua kila asubuhi.

"Baba Neema, wewe ndiye mtu wa mvua. Ijumaa mlima utaporomoka?"

"Sijui," Elisante alijibu.

"Basi hautaporomoka?"

"Hilo pia sijui. Hakuna mtu anayeweza kutaja siku ya mlima kuanguka wiki nzima kabla. Anayeitaja anawadanganya. Lakini anayesema hatari haipo kabisa, naye anawadanganya."

Watu walinung'unika. Walitaka ndiyo au hapana. Mkutano ukavunjika bila kuamua lolote.

Ijumaa ikafika. Jua liliwaka tangu asubuhi hadi jioni. Alen alipita njiani akiimba.

*

Lakini maneno ya Elisante yalibaki kichwani mwa Nasra. Mtu anayepima mvua miaka kumi na tisa, kisha anasema mbele ya watu wote kwamba hajui! Na yeye, Nasra, alipima siku ngapi kabla ya kuapa? Hata moja. Jumamosi akavuka bonde kwenda kitaluni.

"Hodi, Baba Neema."

"Karibu, Mama Zaina. Umefika wakati wenyewe. Ni saa tatu."

Elisante alikuwa ameinama penye chombo kama kopo refu la bati, lililosimama mahali pa wazi. Alitoa chupa iliyokuwa ndani, akamimina maji kidogo kwenye kipimo cha kioo, akakiinua usawa wa jicho.

"Milimita mbili. Umande mzito na manyunyu ya alfajiri." Akaandika kwenye daftari.

"Milimita mbili ni kitu gani?" Nasra aliuliza. "Kila siku naisikia redioni, siielewi."

"Pima kipande cha ardhi, mita moja kwa mita moja. Kama mkeka mdogo. Milimita moja ni lita moja ya maji juu ya mkeka huo. Ikinyesha milimita ishirini, ni debe zima. Milimita mia ni madebe matano."

"Juu ya kila mkeka?"

"Kila mkeka. Sasa hesabu shamba lako lina mikeka mingapi."

Nasra aliuwaza ule mteremko mzima juu ya nyumba ya mkwewe. Kisha akasema lililomleta. "Baba Neema, mwaka jana nilidanganywa. Nami nikadanganya watu."

"Walisema nini hasa? Kumbuka maneno yenyewe."

"Walisema mvua kubwa inakuja."

"Walisema *inakuja*, au walisema kuna *uwezekano*?"

Nasra alifikiri. "Walisema kuna uwezekano mkubwa."

"Haya. Kuku wako akiatamia mayai kumi, utamwambia jirani, 'Nitapata vifaranga kumi'?"

"Siwezi. Mengine huwa viza."

"Lakini utatengeneza banda?"

"Nitatengeneza."

"Utabiri ni hivyohivyo. Wakisema uwezekano ni saba katika kumi, maana yake katika miaka kumi inayofanana na huu, saba huwa na mvua kubwa. Mitatu haina. Mwaka jana ulikuwa kati ya ile mitatu. Utabiri si ahadi, mama. Wewe uliuchukua kama ahadi, ukang'oa shamba zima."

Nasra alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumweleza kosa lake bila kucheka.

"Na hii tabianchi? Alen anasema ni biashara ya watu."

"Alen amesema jambo moja la kweli. Mafuriko yalikuwepo zamani. Lakini sikiliza neno lenyewe. Tabia ya nchi. Mtu mpole anaweza kukasirika siku moja. Je, hiyo ni tabia yake?"

"Hapana. Ni hasira tu."

"Akikasirika kila wiki, mwaka baada ya mwaka?"

"Basi amebadilika tabia."

"Mvua ya leo ni hali ya hewa. Mvua ya miaka thelathini ndiyo tabianchi. Mwaka mmoja wa manyunyu haumalizi ubishi. Na gharika moja pia haiumalizi." Akafungua kabati dogo. Madaftari yalikuwa yamepangwa humo, mengine yameliwa na mende pembeni. Akafungua la zamani na jipya, akayaweka sambamba. "Tazama. Hapa mvua ilinyesha siku nyingi, kidogo kidogo. Huku siku za mvua ni chache. Lakini zikija, zinamwaga. Hili ni daftari la sehemu moja tu, halitoshi kuthibitisha jambo. Wataalamu wanakusanya madaftari ya maelfu ya sehemu, dunia nzima, ndipo wanasema. Moshi wa magari, viwanda na mitambo umeongeza joto. Misitu ikikatwa, joto linaongezeka pia. Na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Ikiutua mzigo huo, inautua kwa kishindo."

"Sasa nifanye nini? Nikisema tena, watanicheka."

"Usiwaambie watu mvua inakuja. Jiulize hivi: jambo gani nikilifanya, mvua isipokuja, sitajuta? Anza na hilo."

*

Jioni ile Nasra hakuanza na redio wala tabianchi. Alimwambia mumewe, "Baba Zaina, kesho twende tukautazame mteremko ulio juu ya nyumba ya mama."

"Kuna nini?"

"Sijui. Twende tu tukatazame."

Waliteremka asubuhi, pamoja na Elisante ambaye Nasra alimwomba aje. Katikati ya shamba Abubakari alisimama ghafla. Mbele ya miguu yake ulikuwepo ufa. Ulikuwa mwembamba, kidole kingepita, lakini ulikata shamba kutoka upande hadi upande. Alipouchokoa kwa fimbo, fimbo iliingia nusu nzima. Mti mmoja uliobaki pembeni ulikuwa umeinama kuelekea bondeni.

"Huu mti ulikuwa umenyooka," Abubakari alisema polepole. "Nakumbuka. Nilifunga mbuzi hapa."

"Hizi nazo ni dalili," Elisante alisema. "Wewe ni hodari wa dalili, Abubakari. Siafu na mwezi sijui kuvipima, siwezi kuvisemea. Lakini ufa kwenye mteremko, mti ulioinama, chemchemi iliyogeuka tope, mlango wa nyumba unaoanza kukwama, hizo ni dalili za udongo unaotembea."

Abubakari alitazama chini. Paa la mama yake lilionekana, na moshi mwembamba wa jikoni.

"Mlango wa mama unakwama," alisema. "Tangu Ramadhani. Nilifikiri ni mbao zimevimba."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ni kwa sababu nilikata miti?"

"Mizizi ilikuwa inashika udongo," Elisante alijibu. "Na matuta yako yanashuka na kilima, kwa hiyo maji yanapata njia. Hukujua. Sasa unajua."

Siku zilizofuata walifanya kazi. Walijaza ufa kwa udongo wa mfinyanzi na kuushindilia, ili maji yasiingie. Juu ya shamba walichimba mfereji wa kupeleka maji pembeni hadi korongoni. "Msiyatege hapa," Elisante aliwaonya. "Mteremko ukiwa na ufa, maji yaondoke haraka." Kandokando walipanda majani ya Guatemala, ambayo mizizi yake hushika udongo. Yale ya kung'oa viazi vyote hawakuyarudia. Viazi vya bondeni, panapotuama maji, walivivuna. Vya juu waliviacha vikomae.

"Mvua isipokuja?" Abubakari aliuliza, akijifuta jasho.

"Tutakuwa na majani ya ng'ombe," Nasra alijibu.

Kazi ngumu ilikuwa Bibi Hawa. Mwanawe alimweleza habari za ufa. Bibi alitafuna maneno hayo muda mrefu. Mwisho akakubali sharti moja: tahadhari ya mvua kubwa ikitolewa, atapanda kulala kwa mwanawe mpaka ipite. "Lakini nyumba yangu siihami," alisema.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi tahadhari ilitolewa, ya siku mbili. Bibi alipanda na kuku wake na kanga zake. Mawingu yalikusanyika juu ya milima. Yakakaa. Yakaondoka. Haikudondoka hata tone.

Bibi aliteremka siku ya tatu bila kusema na mtu. Mtoni wanawake walicheka mpaka karoti zikasombwa na maji. "Redio kamhamisha mkwewe!" Nasra alisikia, akaendelea kusugua.

*

Wiki mbili baadaye ilikuja tahadhari nyingine. Wakati huu Abubakari hakuhamisha stesheni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama mkewe.

"Mama hatakubali," alisema. "Na mimi sina uso wa kumwambia. Nilimwaibisha mara moja."

Nasra alijitanda kanga akateremka. Bibi Hawa alikuwa akichambua maharage mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ya mvua, rudi."

Nasra alikaa chini, akachukua maharage, akaanza kuchambua naye. Wakachambua mpaka ungo ukafika nusu.

"Mama, mwaka jana niliapa kwamba mvua inakuja. Niliapa kwa kitu nisichokijua. Leo siapi. Pengine utapanda, na jua litawaka, na watu watatucheka tena. Mimi nitachekwa zaidi yako. Lakini ule ufa nimeuona kwa macho yangu. Nikichekwa mara kumi, bado tutakula pamoja. Usipopanda mara moja tu, na iwe ndiyo siku yenyewe, nitamwambia nini mwanao?"

Bibi aliweka ungo chini. Alisimama, akausukuma mlango wake. Ulikwama. Akausukuma tena kwa bega. Akabaki ameushika, akitazama pembe ya juu, ambako ubao ulikuwa umebana ukuta kuliko juzi.

"Kamata kuku," alisema. "Yule mweusi anauma."

Mvua ilianza siku ileile alasiri. Haikuwa manyunyu. Ilipiga bati mpaka watu wakazungumza kwa ishara. Ikanyesha usiku kucha, na asubuhi ikaendelea. Baada ya swala ya adhuhuri, wote wakiwa ndani, walisikia mlio kama wa lori la Fuso likimwaga mawe. Sakafu ikatetemeka.

Abubakari alitoka mbio. Nasra alimfuata mpaka ukingoni, akamshika shati. "Usiteremke! Udongo bado unatembea!"

Mteremko ulikuwa umeachia katikati. Jiko la Bibi halikuwepo. Chumba chake cha kulala kilikuwa kimejaa udongo mpaka dirishani. Kiti alichokalia akichambua maharage hakikuonekana.

Bibi Hawa alisimama nyuma yao, kanga kichwani, mvua ikimlowesha. Alisema jambo kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, neno la kumshukuru Mungu. Kisha akaupata mkono wa Nasra akaushika. Hakuuachia mpaka walipoingia ndani.

*

Udongo ulipotulia na mvua ilipokatika, watu walikuja na majembe. Alen alikuwa miongoni mwao. Alichimba kutwa nzima, akaokoa sufuria, sanduku na godoro lililolowa. Jioni alimkuta Elisante akinawa.

"Ulipima?" aliuliza.

"Siku mbili, milimita mia na ishirini. Madebe sita kwa kila mkeka."

Alen alitazama ule mteremko uliochanika. "Bado nasema Ijumaa ile walitudanganya."

"Kweli walitudanganya," Elisante alijibu. "Sauti ile haikuwa ya mtaalamu yeyote. Tahadhari ya kweli ina jina la aliyeitoa, tarehe, eneo na kiwango cha uwezekano. Sikuamuru uamini kila kitu. Nakuomba tu uulize."

Mkutano uliofuata haukuwa wa kimya. Wengine walisema ni tabianchi. Wengine walisema ni miti iliyokatwa. Mzee mmoja alisema ni mapenzi ya Mungu na basi. Mwenyekiti hakujaribu kuwapatanisha. Aliuliza swali moja tu: "Nyumba ngapi nyingine ziko chini ya mteremko wenye ufa?" Kisha Abubakari akasimama. Akaeleza kwa kinywa chake jinsi alivyokata miti, na jinsi alivyoudharau mlango uliokwama. Siku ile waliteuliwa watu sita wa kukagua miteremko. Alen aliomba awemo. Nyumba nne zilikutwa na hatari, na zote zikakubaliana mahali pa kulala tahadhari ikitolewa. Sauti za simu zisizo na jina zikapigwa marufuku kusambazwa kabla hazijapelekwa ofisini.

Mpaka masika yanafika, Bibi Hawa alikuwa na chumba chake cha matofali juu, kando ya nyumba ya mwanawe, na mlango uliofunguka kwa kidole kimoja. Miche mia tatu ya miti ilikuwa imepandwa kwenye mteremko. Elisante alileta kipimamvua cha pili, akakisimika uani kwa Nasra, mbali na paa na miti.

Asubuhi ya kwanza, ilipofika saa tatu, Nasra alitoa chupa. Ilikuwa kavu. Aliigeuza, akaitikisa. Wanawake wawili waliokuwa wakienda mtoni walisimama kutazama.

"Mama Zaina, imesema nini?"

"Haijanyesha."

"Basi huna kazi leo."

Nasra alikaa kwenye kizingiti, akafungua daftari jipya, akaandika tarehe kwa mwandiko wake wa polepole. Mbele ya tarehe akaandika sifuri.

"Ninayo," alisema. "Nimeiandika."